Mnara wa Cordouan na giza la Ziwa Kivu

Usiku, ukisimama ufukweni pale Kituku, Goma, ukatazama upande wa kisiwa cha Idjwi, utaona taa nyingi juu ya maji. Ni wavuvi wa sambaza, wanaovuta samaki kwa mwanga. Nyuma yako kuna taa za mji. Sasa jiweke mahali pa kapiteni anayetoka Bukavu: kati ya taa zote hizo, ya bandari ni ipi?

Hapo ndipo ninapowaelewa wanaotaka minara ya taa kwenye ziwa letu. Mnara wa Cordouan, Ufaransa, unaonyesha meli njia ya kuingia mto Gironde tangu 1611. Mwaka 1823 Augustin Fresnel alifunga pale lenzi yake, vipande vya vioo vilivyokusanya mwanga uliokuwa ukipotelea angani na kuupeleka mbali baharini. Ila siri ya minara haiko kwenye ukali wa taa tu. Kila mmoja unawaka na kuzima kwa mpigo wake, na baharia akihesabu sekunde anajua anatazama mnara gani. Taa ya mvuvi haina mpigo.

Wanaopinga wanasema simu zina GPS, na pesa ni kidogo. Hoja yao nzito zaidi ni Merdi. Boti hiyo, ikitoka Minova, ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 mchana kweupe, karibu kabisa na Kituku, watu wakiiona kutoka nchi kavu. Ilijaa kupita kiasi, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Mnara gani ungewaokoa wale?

Hakuna, na inaniuma kuandika hivyo. Kwa hiyo kuhesabu abiria na kupima mizigo kabla boti haijang'oa nanga kutangulie. Lakini hoja ya simu siikubali. Simu inalowa, inaisha moto katikati ya ziwa; na Cordouan bado inawashwa ingawa meli zinazopita pale zina mitambo ya setilaiti.

Sisi hatuhitaji mnara wa mita 67. Taa za sola zinazomweka, juu ya nguzo, kwenye ncha za Idjwi na penye kuingilia bandarini, kila moja na mpigo wake, zingetosha. Cordouan hadi leo ina walinzi wanaoishi ndani yake. Betri ya sola isiyo na mlinzi huku kwetu itaibwa mapema, basi mvuvi wa hapo hapo apewe kazi hiyo, alipwe kila mwezi kutoka ushuru ambao boti zinatoa bandarini.