Maharage ya Wiki Nzima

Mimi na chakula tulikuwa tunaelewana vizuri mpaka siku nesi aliponifunga ile mashine ya presha mkononi. Alipuliza, akatazama namba, akanitazama mimi, akarudia namba, kama keshia aliyepewa noti ya elfu hamsini na mtu mwenye kiraka suruali. 150 kwa 95. Akaniuliza huwa ninakula nini. Nikasema, "Kinachopatikana." Akaandika maelezo marefu kuliko jibu langu.

Nikatoka na masharti. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo umeshahesabu iliyojificha kwenye mkate. Mke wangu akipika mukene, dagaa wetu wa ziwani, hatumii kijiko, anatumia kiganja. Halafu matunda na mboga gramu 400 kila siku, na usidhani muhogo na viazi vinahesabiwa, havimo. Gramu 400 za dodo, mchicha wetu huu! Mmewahi kuona dodo ikishapikwa? Unanunua fungu la kumfunika mbuzi, unatia sufuriani, ukigeuka kuchukua mwiko imebaki ya kufunika kikombe.

Nyumbani kwangu masharti hayapiti bila kikao. Mama Musa ni Mlugbara wa Arua, mimi ni Mgisu wa Mbale, na Kiswahili ndicho kilichotuoza, kwa sababu Kigisu changu kinamchekesha na Kilugbara chake kinaniuma ulimi. Lugha tulipatana, sahani bado. Kwake chakula ni enyasa, ule ugali wa kwao, mengine ni vitafunio. Kwangu mimi chakula ni malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa na karanga mpaka mchuzi ukawa mzito. Watoto wamezaliwa hapa Bwaise, Kampala. Kwao chakula ni chipsi.

Binti yetu wa darasa la sita ndiye aliyeleta wazo la ratiba. Alichukua karatasi ya kalenda ya mwaka jana, akaigeuza, akapiga mistari kwa rula: Jumatatu mpaka Jumapili, asubuhi, mchana, usiku. Ilipendeza hata nikaona presha imeshuka kwa kuitazama tu. Akatia na viazi vitamu vya rangi ya machungwa, kwa sababu vina vitamini A, na akatusomea kwamba Mganda mwenzetu, Dakta Robert Mwanga, alipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 pamoja na wenzake kwa ajili ya viazi hivyohivyo. Nampa heshima zake zote daktari. Ila viazi vyenyewe ni laini mno, mimi nimelelewa na kiazi kikavu, kile kinachokukaba mpaka unatafuta maji huku unamkumbuka mama yako.

Mama Musa hakupinga ratiba. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akauliza swali moja. "Makaa je?"

Hapo ndipo penye kidonda. Tangu ile amri ya Rais ya mwaka 2023 ya kuzuia biashara ya makaa kutoka kaskazini, gunia la makaa linaniogopesha kuliko karo. Miti ipone, sina ugomvi, lakini sigiri yetu haijui siasa. Maharage peke yake yanataka saa tatu motoni. Ukipika maharage mara tatu kwa wiki, umepika maharage na mshahara pamoja. Kwa hiyo kikao kikaazimia: tupike mara moja, Jumapili, maharage ya wiki nzima, tugawe kwenye vikopo, tutie kwenye friji. Kila jioni ni kupasha tu na kuongeza dodo. Nikajiona mtu mwenye akili sana. Nikajitolea kupika mwenyewe, na hili wanaume wenzangu mnisamehe.

Jumamosi nikaenda Kalerwe na shilingi elfu sitini. Sokoni sina la kusimulia, nyote mnajua: unaingia na ratiba, unatoka na fenesi. Lakini maharage nilipata, aina ya nambale, mazuri, kilo nne kwa elfu kumi na sita. Usiku nikayaloweka, maana yaliyolowekwa yanaiva haraka, na yale maji ya kuloweka unayamwaga. Nilifanya kila kitu sawasawa. Nataka hilo lijulikane.

Kosa lilikuwa sufuria.

Yetu haikutosha. Nikaazima kwa Hajati, jirani wa mlango wa tatu, ile sufuria yake inayotoka stoo kwa harusi na kwa msiba tu. Mwenyewe alikuwa amelala, aliyenitolea ni mjukuu. Sufuria hiyo haikai kwenye sigiri, kwa hiyo nikapanga mafiga matatu uani, nikawasha kuni saa kumi usiku ili mpaka mchana yawe yameiva na kupoa. Kulikuwa na baridi, nikajitanda blanketi. Kuni zilikuwa mbichi, moshi wote ukanijia usoni, macho yakawa mekundu, machozi yanatiririka. Sasa itazameni picha hiyo kwa jicho la mpita njia: sufuria ya msiba, moto uani usiku, mwanamume mwenye blanketi analia peke yake.

Wa kwanza alikuwa mzee mlinzi, anatoka lindo. Akavua kofia.

"Pole sana, kaka."

Nikadhani ananihurumia kwa kupika. "Asante, mzee. Ndiyo maisha."

"Ilianza lini?"

"Saa kumi hii."

"Ilikuwa ghafla?"

"Ghafla wapi! Tumepanga na mama watoto wiki nzima."

Alirudi nyuma hatua mbili, akavaa kofia, akaondoka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akimkimbiza mwizi.

Saa kumi na mbili mikeka ikaanza kuingia. Kina mama wamejifunga vitambaa kichwani, wanaongea kwa kunong'ona. Mtu kanisogezea kiti. Mwingine kanipokonya mwiko, eti mfiwa hapiki. Nikafungua mdomo kueleza, wakaniambia, "Nyamaza, usijichoshe." Mwenyekiti wa mtaa akafika na daftari, akalifungua pajani, akaanza kuandika mabugo, michango ya rambirambi: huyu elfu moja, huyu elfu mbili, huyu mia tano. Hapo ndipo nilipofahamu, na hapo ndipo nilipoinuka kusema ukweli.

Bahati mbaya Mama Musa aliamka dakika ileile. Akafungua mlango, akaona mikeka, akaona moto, akaona macho yangu. Hakuuliza. Alipiga ukelele mmoja wa Arua, ule ambao Kampala hauna mshindani, akaanguka mikononi mwa Hajati. Na uani pote wakaitikia. Mimi nimesimama katikati na blanketi langu nasema, "Hakuna aliyekufa! Ni maharage!" Mama mmoja akamwambia mwenzake, "Maskini, amechanganyikiwa."

Ilichukua karibu nusu saa kueleweka. Binti yangu ndiye aliyetuokoa: akabandua ratiba ukutani, akaitoa nje, akawaonyesha kwa kidole, Jumatatu maharage, Jumanne maharage. Mwenyekiti aliisoma yote, akavua miwani. Kukawa kimya. Mnadhani waliondoka? Mtu akishakalia mkeka, na sufuria ikawa inanukia, haondoki bila kula. Desturi hiyo sikuitunga mimi, niliikuta. Na maharage yenyewe, kwa kuwa niliyaloweka vizuri, yalikuwa yameiva.

Tukapakua. Walionja, wakatazamana. Hayana chumvi, wakasema. Nikaanza kueleza gramu 5. Hajati hakungoja mwisho, aliingia kwake akarudi na mfuko wa chumvi, akatia kwa kiganja. Halafu mtu akaleta ovakedo, mwingine posho, yaani ugali, iliyolala, na nakiri kwa uchungu kwamba sijapata kula maharage matamu kama yale. Saa tano wameondoka. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Kweli halikukosa. Wiki yetu nzima ilikuwa ni ukoko.

Likabaki suala la mabugo. Shilingi 23,500. Nilitaka kurudisha, mwenyekiti akakataa: daftari limeshaandikwa kwa kalamu ya wino, tusimharibie hesabu, watu watarudishiwa watakapofiwa wao. Binti akachukua ratiba, akaongeza safu mpya pembeni, akaandika: maharage 16,000, mabugo 23,500, faida 7,500. Miezi yote ninayojaribu kubana matumizi, hiyo ndiyo mara ya kwanza tumebaki na kitu.

Siku zilizofuata sizisimulii. Friji tuliyoisafisha kwa ajili ya vikopo ilikaa tupu, halafu yuniti za umeme zikaisha, nikamtuma Musa akanunue, akanunua bando. Jumanne jioni nilikuwa nimesimama kwa kijana wa roleksi, ninamtazama akikunja mayai ndani ya chapati. Alitia nyanya na kabichi. Nikapima kwa macho: gramu arobaini hivi. Yaani nikila tisa zaidi, sharti la nesi la mboga nimelitimiza.

Nikamwambia apunguze chumvi. Akasema tayari ameshatia.

Ratiba bado iko ukutani, Mama Musa amekataa iondolewe. Anasema tujaribu tena, safari hii kwa sufuria mbili ndogo, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa nimeanza kukubali. Lakini jana natoka kuoga, ndoo mkononi, nikakutana na Hajati kwenye kibaraza, anachambua mchele. Akanisalimu vizuri, akaniulizia presha, akamwulizia Mama Musa. Halafu akapunguza sauti.

"Baba Musa, Jumapili hii mnafiwa tena, au nipike kwangu?"