Vidonge vya Vitamini Wakati wa Kemotherapi: Daktari Anayekataa Ana Hoja

Mgonjwa anayeanza kemotherapi akiambiwa aache vidonge vya vitamini C na E, nyumbani daktari huonekana mtu mgumu. Na wanaolalamika hawajakosa mantiki. Doksorubisini, dawa ya kemotherapi, huzalisha radikali huru, yaani molekuli zinazoharibu seli kwa oksidishaji, na seli za moyo zina kinga haba dhidi yake. Sisplatini, dawa nyingine ya kemotherapi, huumiza figo na masikio kwa njia inayokaribiana na hiyo. Ikiwa madhara yanatokana na oksidishaji, kwa nini mtu anyimwe kizuia oksidishaji kama vitamini C na E?

Kwa sababu kidonge kikishamezwa hakichagui seli. Kinaweza kuukinga moyo, na kinaweza kuikinga saratani vilevile.

Utafiti ninaourudia sana ulifanyika Kanada, matokeo yakatoka 2005. Ulihusu tiba ya mionzi, si kemotherapi, lakini mionzi nayo huua seli kwa kiasi kikubwa kupitia radikali huru. Wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waligawanywa: wengine walipewa vitamini E, mwanzoni pamoja na beta-karotini, wengine vidonge visivyo na dawa. Madhara makali ya mionzi yalipungua kwa waliopewa vitamini. Mtu angeishia hapo angeshangilia. Ila kwa miaka ile waliyokuwa wakimeza vidonge, saratani mpya ziliwapata zaidi kuliko wenzao, na hesabu ya vifo ilipofanywa baadaye, upande wao ndio uliokuwa na vifo vingi. Nafuu ambayo mgonjwa anaihisi mwilini, basi, haimwambii lolote kuhusu uvimbe. Hilo ndilo daktari analoliogopa, na ni vigumu kulieleza kwa mtu ambaye mdomo umejaa vidonda.

Hata nadharia yenyewe, kwamba madhara kwa moyo yanatokana na oksidishaji, imetikisika. Mwaka 2012 ilionekana kwamba panya wasio na topoisomerasi 2 beta, kimeng'enya kinachofungua misokoto ya DNA, katika seli za moyo hawakuharibiwa moyo na doksorubisini kama wenzao. Radikali huru zimo, lakini huenda ni tawi tu la madhara yanayoanzia kwenye DNA.

Upande wa pili, wa wanaotaka mgonjwa akingwe, una ushahidi wake mzuri, na haumo katika vidonge vya dukani. Mwaka 2018, kati ya watoto wenye saratani ya ini waliopewa sodiamu thiosulfeti, dawa ya kukinga dhidi ya madhara ya sisplatini, saa 6 baada ya sisplatini, asilimia 33 walipoteza usikivu, dhidi ya asilimia 63 ya waliopewa sisplatini pekee, na uhai wao haukupungua. Siri iko katika zile saa 6: sisplatini imeshapata muda wa kuufanyia kazi uvimbe kabla kinga haijaingia. Lakini katika jaribio jingine, watoto ambao saratani yao ilikuwa imesambaa walipopewa thiosulfeti, waliobaki hai walikuwa wachache kuliko wasioipewa. Ndiyo maana Marekani ilipoiidhinisha mwaka 2022, iliiruhusu kwa watoto wenye uvimbe usiosambaa tu.