Treni Zetu Haziangushwi na Watoto

Kila tunapopanga meza zetu za reli ndogo hapa Tanga, hakosi mtu mzima wa kutushauri kwamba watoto wasisogee karibu. "Mtaharibiwa vitu vyenu nyie." Mara nyingi husema hayo huku kiwiko chake kimelala juu ya paa la stesheni ya Ngomeni.

Mimi nasema watoto wanasingiziwa. Mtoto ana kosa moja tu, kidole, na kosa hilo hulifanya hadharani, kisha akikatazwa huwa amekatazika. Mtu mzima ana makosa chungu nzima, na kila moja ana hoja ya kulitetea.

Kwa ambaye hajawahi kutuona: ni kikundi kidogo cha watu wazima, wengine wana wajukuu, wanaotengeneza treni za kipimo cha 1:87. Kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mtu anabaki na urefu wa sentimita 2, mbuzi milimita 8. Reli ya Tanga, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893, wakafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Moshi 1911, ina mita 1 kati ya chuma na chuma, hivyo mezani kwetu inakuwa milimita 12. Kuiweka yote mpaka Moshi, kilomita 352, kungehitaji meza ya kilomita 4 na ushee. Yetu ina mita 4. Inaanzia Tanga, inapita Pongwe, inaishia Ngomeni, na kuanzia hapo ni sakafu. Nyasi ni katani iliyokatwakatwa na kutiwa rangi. Mikonge ni karatasi. Kokoto ni mchanga wa baharini, ila umeoshwa mara nyingi kwa maji baridi, maana chumvi ikibaki hula chuma. Umeme ni volti 12, na ukikatika tunaazima betri ya bodaboda.

Sasa tuje kwenye salamu, maana hili ndilo janga letu kubwa, na sijasikia kama liko kwingine. Wenzetu wa Uingereza, ambao maonyesho ya namna hii kwao ni jambo la kawaida, kilio chao kikubwa ni begi la mgongoni: mtu anageuka kumwangalia mwenzake, begi linafagia kijiji kizima. Sisi begi tunaliona mapema tunalikwepa. Salamu haikwepeki.

Fikiria treni inayotembea kilomita 40 kwa saa. Ukiigawa kwa 87, inakuwa kama sentimita 13 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, mita 4 za meza zinamalizika kwa nusu dakika hivi. Sasa anatokea bwana mmoja wa Chumbageni, mtu mzima, mstaarabu, ameshika kofia mkononi.

"Hujambo bwana?"

"Sijambo." Treni inaondoka Tanga.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu." Inapita kwenye mashamba ya mkonge.

"Watoto wote wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi." Pongwe hiyo.

"Na mama, ile miguu yake?"

Hapo huwezi kujibu huku unaangalia treni. Mtu amekuuliza miguu ya mama yako, unamtazama usoni. Unajibu kwamba inaendelea vizuri, unamshukuru kwa kukumbuka, naye anakuuliza dawa anapata wapi. Ngomeni imeshapita. Unachosikia ni kishindo, na mtoto mmoja anasema kwa upole, "Babu, imeanguka."

Tumejaribu dawa nyingi. Mmoja wetu alipendekeza kibao: "Tafadhali usimsalimu dereva." Kikakataliwa siku hiyo hiyo, tena na mkewe, aliyesema kwamba kibao cha namna hiyo kikibandikwa Tanga, hata mazishini kwetu hawatakuja. Alikuwa sahihi. Kwa hiyo sasa treni ndiyo inayosimamishwa. Ukiona mtu anakuja amenyoosha mkono, unazungusha kitufe, treni inasimama popote ilipo, mnasalimiana mpaka mmalize. Wageni wengine hunung'unika kwamba treni zetu zinasimama porini bila sababu. Basi kaeni mjue, hiyo ndiyo sababu.

Wanaofuata kwa ubaya ni wapenda mwendo, na hapa simsemi mtoto. Namsema baba wa mtoto, dereva wa kitu fulani chenye magurudumu, anayesimama nyuma ya mwanawe na kupaza sauti: "Ongeza moto! Mbona inatambaa?" Nimeshawahi kuwapigia hesabu hii watu wengi na sitachoka. Treni yetu ikienda mita 1 kwa sekunde, mwendo ambao kwa macho yako unaonekana wa kawaida tu, ni sawa na kilomita zaidi ya 310 kwa saa. SGR yenyewe, ile reli mpya ya umeme ya kutoka Dar es Salaam, imesanifiwa kwa kilomita 160. Unataka gari moshi la mkonge lipite Pongwe kwa mwendo huo lende wapi? Mtoto, ukimwambia, hufungua mdomo akastaajabu. Baba husema, "Sawa, lakini ijaribu kidogo."

Na maadamu nimeitaja SGR: ndiyo, vijana wote wanauliza mbona hatuna. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435, na kwa 1:87 hiyo ni milimita 16.5, yaani njia ile ile inayouzwa kwenye maboksi ya treni za kuchezea duniani kote. Ingekuwa rahisi kwetu kuliko hii ya milimita 12. Ila Tanga ni Tanga, na sisi tumeamua kuhangaika na ya kwetu.

Chakula. Sitaki kuwa mkali hapa, kwa sababu anayeuza mihogo ya kukaanga nje ya ukumbi ni jirani yangu na pilipili yake inajulikana. Lakini umeme unaoendesha treni unatoka kwenye reli, unapanda kwenye gurudumu, unafika kwenye mota. Kidole chenye mafuta ya muhogo kikipita juu ya reli kinaacha utando mwembamba usioonekana, na kila gurudumu linalopita hapo linauchukua na kuusambaza. Baada ya saa moja treni zote zinakwenda kwa kwikwi. Ndipo unatuona tumeinama na vitambaa na spiriti, tunafuta kutoka Tanga mpaka Ngomeni, na mgeni mwenye kachori mkononi ametuinamia mabegani akiuliza tatizo nini.

Wa simu ninawataja haraka kwa sababu wananichosha. Kupiga picha piga, ndiyo tunachotaka. Kuilaza simu juu ya reli ili ionekane kama treni imeigonga, hapana. Simu yenye bati pembeni inaunganisha chuma na chuma, shoti inapigwa, kila kitu kinazimika, na mwenye simu ndiye wa kwanza kulalamika kwamba maonyesho hayana maandalizi.

Kuna pia wanaouliza bei ya kila kitu kisha wanaguna. Hao nawasamehe. Hata mke wangu huguna.

Mbuzi je? Mbuzi wetu wanapotea, hilo ni kweli, na hapa ndipo watu hunigeukia: "Si unaona, watoto hao." Labda. Mbuzi wa milimita 8 anaingia mfukoni mwa mtoto kirahisi. Lakini mama ntilie wetu, na sufuria zake, na benchi lake lenye wateja waliogandishwa kwa gundi, alinyofolewa kiustadi kwa kitu chenye ncha, na mtoto hatembei na kitu chenye ncha. Aliyemchukua ajue tu kwamba wateja wale hawajalipa.

Si wageni wote wa kero wanakera kwa kuharibu. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekaa mbele ya meza yetu muda mrefu, ametulia, akiangalia kila kitu kwa makini. Mwishowe akauliza: "Nyuki wako wapi?" Tukatazamana. Akatueleza, kama anayefundisha madrasa, kwamba Novemba 1914 Waingereza walipoteremsha wanajeshi wao hapa Tanga, Wajerumani walileta askari kutoka Moshi kwa reli hii hii, na nyuki wakatoka mizingani wakashambulia watu. Sasa reli ipo, mji upo, nyuki hawapo, modeli gani hiyo? Nikapiga hesabu kichwani. Nyuki wa 1:87 ana urefu usiofika theluthi moja ya milimita 1. Nikamwambia wapo, ila ni wadogo. Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, weye mwongo," akachukua kikapu chake akaenda meza ya pili.

Nikirudi kwa waharibifu: kuna yule anayejua. Huko Uingereza humwita mhesabu ribiti, mtu anayeinama kwenye kichwa cha treni na kuhesabu vichwa vya ribiti, zile pini za kuungia mabati, ili akuambie umepunguza. Wetu hawahesabu ribiti. Wetu walifanya kazi relini, na hiyo ni hatari zaidi.

Mwenzetu mmoja alichonga kwa bati na plastiki kichwa cha treni ya mvuke, aina ya Garratt, daraja la 59. Ni kitu cha kupendeza. Vya kweli vilijengwa 34 Manchester katika miaka ya 1950 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, kila kimoja na uzito wa tani 252, na vyote vikapewa majina ya milima. Kimojawapo cha vilivyohifadhiwa makumbusho ya reli Nairobi kinaitwa Mount Gelai. Mlima wenyewe uko kwetu huku, karibu na Ziwa Natron, lakini kichwa wamebaki nacho wao. Basi mwenzetu alikuwa anamsimulia mtoto mmoja habari hizi, mtoto ametoa macho, mzee mmoja akapenya katikati yao: "Hiki hakikukanyaga Tanga hata siku moja. Hiki cha Mombasa na Nairobi. Reli yetu isingekibeba."

Ni kweli tupu. Sote tulijua, na aliyekichonga alijua kuliko sote. Alikileta kwa sababu ni kizuri. Kosa la mzee liko kwenye wakati. Mtoto alikuwa bado kwenye mlima Gelai, akashushwa. Kama una elimu ya namna hiyo, na tunaihitaji, subiri mtoto aondoke, kisha tuvute pembeni tukuletee kiti na kahawa, utusute mpaka jua lizame.

Na sisi wenye meza tusijifanye malaika. Ninaowajua, nami nimo, wana tabia ya kugeuza migongo, wakazungumza wao kwa wao habari za gundi, wakanywa kahawa na kashata, na treni zote zimelala. Mtu amelipa kiingilio, amekuja na watoto kutoka Makorora kwa baisikeli, anakuta njia tupu na visogo vya watu. Siku moja mgeni mmoja alikaa akaangalia hali hiyo, stesheni tulivu, behewa moja limesimama, hakuna kinachotikisika. Akasema, "Kwa hapa mmepatia. Ndiyo Tanga hasa."

Baada ya kichekesho hicho tukafanya mambo mawili. La kwanza tuliliiga Hamburg, kwenye Miniatur Wunderland, maonyesho makubwa yaliyofunguliwa 2001, ambako wageni wamewekewa vitufe wabonyeze wenyewe. Nasi tukafunga kitufe cha honi pembeni mwa meza. Tangu hapo vidole vya watoto vimepata kazi na haviji tena kwenye reli. Ni watu wazima ndio wanaowasukuma watoto ili wabonyeze wao.

La pili lilikuwa kumpa yule mzee wa Garratt usukani. Niliona ni busara: anayejua sana aendeshe. Akavaa miwani, akakagua njia, akapangusa kitufe kwa leso. Watoto wamejipanga wanangoja. Treni haiondoki. Dakika zinapita. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hakuna tatizo. Njia ni moja hii. Treni haitoki stesheni bila ruhusa ya stesheni ya mbele. Ngomeni nimeongea naye, anangoja Muheza."

"Mzee, Muheza haipo. Meza inaishia Ngomeni."

Akanitazama juu ya miwani kama anayemtazama karani mpya. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwelekeza mlangoni, akamwambia asimame pale, yeye ndiye Muheza, na asipunge mkono mpaka awe na uhakika kwamba njia ni nyeupe. Mtoto akaenda. Akasimama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaona muuza mihogo, akatoka nje.