Kadi ya GB Ngapi?

Mpwa wangu alinipigia Jumamosi moja mchana, hata shikamoo aliimeza nusu. "Mjomba, nimepata kadi ya grafiki ya GB 4, ya kuchezea gemu kwenye kompyuta, mpya, iko kwenye boksi lake, laki na nusu tu!" Nikamwambia anisomee jina lililoandikwa kwenye boksi. Akasoma: GT 730. Nilinyamaza kidogo, maana kwa sauti ile nilijua laki na nusu ilishatoka mfukoni.

Jioni alinipigia tena, safari hii shikamoo ilikuwa kamili. Rafiki yake wa mtaa wa pili ana GTX 1050 ya GB 2, na gemu la GTA V linateleza. Yeye ana GB 4 na gari likikata kona tu picha inakwama. "Sasa mjomba, nne si kubwa kuliko mbili?"

Swali zuri, na ndilo linalotupiga watu wengi. GT 730 ilitoka mwaka 2014, na nyingi zilizobaki madukani ni zile zenye kumbukumbu ya DDR3, aina ya zamani na ya polepole, na njia ya data yenye upana wa biti 64 tu. Njia hiyo inapitisha takriban GB 14 za data kwa sekunde. GTX 1050 ya mwaka 2016, pamoja na vijiGB vyake viwili, inapitisha 112. Mara nane. Ni kama kupandisha simtanki la lita 5,000 juu ya paa halafu ukashusha maji kwa mpira wa dripu. Tanki limejaa kweli, lakini bafuni unaoga matone.

Aliyemuuzia hakusema uongo. Boksi limeandikwa 4GB, na ndani zimo. Tatizo ni kwamba soko letu la kadi za bei ya chini limejipanga kwa namba moja tu. Ukiingia dukani ukasema unataka kadi ya gemu, swali la kwanza ni "ya GB ngapi?", na bei inapanda kwa kufuata jibu lako. Nadhani tumezoeshwa na simu: ya 64 bei hii, ya 128 bei ile, na kwa simu hesabu hiyo inaeleweka. Kwa kadi za grafiki, hasa hizi za chini ya laki tatu, GB ndiyo namba ya mwisho kuiangalia. Mimi naanza na jina la chipu, kisha aina ya kumbukumbu, kisha upana wa njia. GB baadaye.

Na jina lenyewe halitoshi kila mara. GT 1030 ya mwaka 2017 ilikuja na kumbukumbu ya kasi, GDDR5, inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, jina hilohilo, GB 2 zilezile, ila kumbukumbu ni DDR4, na mwendo ukashuka hadi kama GB 17 kwa sekunde. Ukiziweka rafuni huzitofautishi mpaka usome maandishi madogo ubavuni. Hapo simlaumu muuza duka hata kidogo. Aliyeamua bidhaa mbili zitumie jina moja yuko mbali na Kariakoo.

Halafu kuna zilizochakachuliwa, na neno hili tulilolizoea kwenye mafuta linafaa kabisa hapa. Unachukua GTS 450 ya mwaka 2010 yenye viini 192 vya kukokotoa, unaifuta baiosi yake, ile programu ya ndani inayoitambulisha kwa kompyuta, unaandika kwamba yenyewe ni GTX 1050 Ti yenye viini 768. Windows inaamini. Mteja anaamini. Gemu likianza kufunguka, kila kitu kinajifunga. Dalili ya kwanza naitazama kwa nyuma: ukiona tundu la VGA, lile la zamani la kuchomekea monita, kwenye kitu kinachojiita 1050 Ti, shtuka, kwa sababu familia ile ya kadi za kampuni ya Nvidia iliachana na VGA. Dalili ya pili ni kufungua GPU-Z, programu ndogo ya bure inayobebeka kwenye flashi. Tangu 2018 inazitambua nyingi za namna hii na kuandika FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa usichomeke flashi, umeshapata jibu, rudi nyumbani na hela yako.

Tuje kwenye kasha lenyewe. Wengi wetu hatujengi kompyuta kutoka sifuri. Tunanunua Dell au HP za ofisi za mtumba, halafu tunatafuta kadi ya kuzichangamsha. Ya mpwa wangu ni OptiPlex 9020, ile ya mnara. Nilipofungua ubavu, kwenye pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani, kulikuwa na lebo: wati 290. Hakuna waya wa ziada wa kulisha kadi. Na usifikiri utabadilisha kirahisi, kwa sababu Dell hii inaingiza umeme kwenye mazabodi kwa plagi ya pini 8, si ya pini 24 ya kawaida, kwa hiyo utanunua pawasaplai na adapta juu.

Ndiyo maana RX 580 za mtumba, kadi za kampuni ya AMD, ambazo mitandaoni kila mtu anazisifu kwa bei, kwake zingekuwa ghali. Kadi ile inakula wati 185 na inataka waya wake. Jumlisha pawasaplai, adapta, na fundi kama huna bisibisi, uone hiyo "bei chee" imefika wapi. Tena nyingi zinazotoka China ni zile za 2048SP, yaani zimebaki na viini 2,048 badala ya 2,304. Si mbaya, ila usilipie bei ya kaka yake.

Inayovutia kwa macho ni RX 6400: fupi, wati 53, haitaki waya wowote. Ilinidanganya hata mimi kwa muda. Lakini imeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe, yaani ile sloti ya mazabodi inapochomekwa kadi, na ilitengenezwa kwa mashine zenye PCIe ya kizazi cha nne. Kwenye mashine ya zamani ya kizazi cha tatu kila njia inapitisha nusu, na GB zake 4 zikijaa, gemu linaanza kuchota data kupitia kijia hicho chembamba. Isitoshe haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo kijana anayetaka kurusha gemu lake YouTube ataumia.

Kwa mashine kama hizi mimi nasema GTX 1650, ya mtumba, isiyo na tundu la waya. Wati 75, umeme wote unatoka kwenye sloti. Mwenye hela zaidi achukue RTX 3050 ya GB 6, wati 70. GTX 1050 Ti bado inacheza, lakini Nvidia ilitangaza kwamba draiva, yaani programu zinazoiendesha kadi, za gemu mpya kwa familia yake zinaishia Oktoba 2025, baada ya hapo ni viraka vya usalama tu.

Kinachonikera ni kwamba mtumba umekuwa lazima. Mwaka 2016 1050 Ti ilizinduliwa kwa dola 139. Katika familia ya sasa ya Nvidia, kadi ya chini kabisa, RTX 5050, ilianza na dola 249, na hiyo ni bei ya Marekani, kabla ya nauli na kabla ya VAT yetu ya asilimia 18. Wamekata ngazi za chini, sisi tunaambiwa turuke.

Na huko juu, cha ajabu, GB zinaanza kuwa na maana. RX 9060 XT ilitoka kwa dola 299 yenye GB 8 na dola 349 yenye GB 16, chipu ileile, njia ileile. Hapo ningejikamua hizo 50, maana chipu ina nguvu ya kuzitumia na gemu mpya zinazijaza. Kwa GT 730, hata ungeipa GB 16, ungekuwa umeongeza tanki tu.

Jumatatu tulirudi dukani. Ukutani kuna kibao: mali ikiuzwa hairudishwi. Tuliongea kistaarabu, tukaongeza laki na ishirini, tukatoka na GTX 1650 iliyotumika baada ya kuikimbiza nusu saa palepale huku nikishika feni kwa kidole kusikia kama inatetemeka. Monita yake ni ya ofisi, yenye doti 1440 kwa 900 tu, kwa hiyo GB 4 zinamtosha. Ameshaanza kunitajia monita ya 4K. Nimemwambia kwanza amalize mitihani.