Mkwawa si daraja la pili la Mlimani

Dirisha la udahili likifunguliwa, wahitimu wa kidato cha sita wanaotaka ualimu hurudi kwenye swali lilelile: wajaze Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Mkwawa kule Iringa? Wazazi wengi huiona Mkwawa kama pa kuangukia ukikosa Dar. Sikubaliani nao, ingawa wana hoja.

Cheti kisiwasumbue. Mkwawa ilikuwa sekondari kabla ya kufanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005, pamoja na DUCE, chuo cha ualimu cha Chang'ombe, Dar es Salaam. Vyote viko chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na digrii ni ya chuo hicho.

Suala zito ni maisha. Bodi ya Mikopo ilipandisha posho ya chakula na malazi mwaka 2022 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku, na bumu hilo haliangalii unasoma mji gani. Dar, aliyekosa hosteli hupanga mtaani na kupigania daladala kila asubuhi, au anabebwa: wawili wanalala kitanda cha mtu mmoja, jina la mmoja tu likiwa kwenye orodha. Hata Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa 2017 zikiwa na nafasi 3,840, hazikumaliza tatizo hilo. Iringa vyumba ni nafuu, viazi na maharage yanatoka mashamba ya jirani, na wengi huenda darasani kwa miguu. Baridi ya Juni na Julai inataka blanketi zito, lakini hilo unanunua mara moja.

Ila kwa mtoto wa Temeke anayeweza kusoma DUCE akilala kwao, hesabu inageuka kabisa. Iringa haitakuwa nafuu kwake.

Halafu kuna malezi. Aliyetoka sekondari ya kata, anayeogopa kunyoosha mkono, hupotea kirahisi Mlimani. Kwenye chuo kidogo, asipoonekana wiki nzima, CR (mwakilishi wa darasa) na wenzake watamuulizia. Nisikuze mambo: kozi za jumla za ualimu hujaza ukumbi kokote, na mhadhiri hamfuati mtu bwenini. Anayefaidi ni yule anayegonga mlango wa ofisi.

Hoja inayonipa shida ni ya ajira. Nafasi za walimu serikalini hazitoshi wahitimu, na Dar ina tuisheni za jioni, kampuni za kujitolea na watu wa kufahamiana nao. Mkwawa pia haina sheria wala uhandisi. Ukibadili mawazo katikati, umebanwa. Kwa asiye na uhakika kwamba anataka ualimu, ningemshauri Mlimani pamoja na adha zake. Kwa aliyekwisha amua, ambaye kwao hakuna wa kumwongezea bumu, ningeweka Mkwawa chaguo la kwanza.

Kabla ya kujaza, mpigieni simu mwanafunzi aliyepo kila chuo, mumuulize kodi ya chumba, sahani ya wali maharage na nauli ya siku. Zidisheni kwa mwezi, kisha mlinganishe na bumu.