Thermomix Kigoma: milioni nne na nusu kwa jagi la lita mbili

Mwezi uliopita kikoba chetu cha hapa Mwanga, Kigoma mjini, kilipokea fomu ya mkopo iliyogawa kikao. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu anayepika vitafunwa na kuuza karanga za kusaga kwenye chupa, aliomba sh milioni 4.5. Kwenye sehemu ya madhumuni aliandika "kununua mashine ya jikoni". Mama Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaisoma tena ile fomu. "Mashine ya kusaga unga?" Hapana, mama. Thermomix.

Kwa asiyeijua, hiyo ni mashine ya kampuni ya Vorwerk ya mjini Wuppertal, Ujerumani, na ya kwanza ilitoka 1971. Ni jagi moja la chuma lenye visu chini, lakini kitako chake ni jiko na ni mzani pia. Humo humo inakata, inasaga, inakanda, inakoroga na kupika, na juu unapachika chombo cha kupikia kwa mvuke. Kioo kinakuelekeza hatua kwa hatua: weka kitunguu, funga, subiri. Toleo lililotoka 2025 liliingia sokoni kwa yuro 1,549 kwao, yaani zaidi ya milioni 4 zetu kabla hujagusa usafiri na ushuru. Mwenzetu ana hisa za milioni moja na nusu, na kanuni yetu inaruhusu kukopa mara tatu ya hisa. Kwa kanuni, hana kosa.

Mimi ni katibu, na katibu hapigi kura kwa kusikia. Wifi yake, aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi Ujerumani, anayo ya toleo la 2019. Jumamosi moja tukaenda kwake watu watano, kila mmoja na kifurushi chake.

Tulianza na nazi. Vipande vikaingia, mashine ikanguruma, na kabla sijamaliza kuuliza swali nazi ilikuwa imesagika. Hakuna mbuzi, hakuna vidole vilivyochunika. Visu vyake hufika mizunguko 10,700 kwa dakika, na ukisimama karibu unaamini. Zikafuata karanga zilizokaangwa. Mwanzo zilikuwa vumbi, kisha zikajikusanya na kung'ang'ania ukutani, wifi akazikwangua kwa mwiko wa plastiki na kuwasha tena. Baada ya dakika chache mafuta yakaanza kujitoa na karanga zikalainika kama siagi. Hapo nilimwona mwenzetu anavyozitazama, nikajua fomu ile haikuandikwa kwa kuiga majirani.

Kisamvu kilileta mjadala. Kilisagika vizuri, tena upesi, lakini bibi mmoja tuliyekuwa naye alikishika kwa vidole akasema hiki kimekatwa, hakikutwangwa. Alikuwa na hoja: kisu hukata jani, mchi huliponda mpaka likatoa utomvu, na mlaji wa kisamvu anaonja tofauti. Hata hivyo, kwa mtu anayetwanga baada ya kutoka kazini saa kumi na mbili jioni, nadhani tofauti hiyo inasameheka.

Kisha nikaomba ugali wa muhogo. Wifi alicheka kwanza, ila akakubali. Maji yakachemka, unga ukaingia, na ulipoanza kukaza sauti ya mashine ikabadilika, kama bajaji inayopanda mlima na abiria watano. Ikajizima. Haikuharibika, ina kinga ya kuilinda isizidiwe, lakini jibu lilishapatikana. Wifi mwenyewe husonga ugali kwenye sufuria kwa mwiko, kama sisi wote.

Hapo ndipo ilipo shida yangu na mashine hii, na si ubora wake. Ni hodari sana kwa kazi fupi: kusaga, kukatakata, kukoroga mchuzi mzito bila kushika chini, kupika uji wa mtoto usio na madonge. Lakini kinachokula muda katika majiko yetu ni kingine. Ni maharage ya Kasulu yanayobandikwa asubuhi na kuiva mchana. Ni ugali wa watu wanane. Ni migebuka minne, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, ya kuunga kwa mawese kwenye sufuria pana, isije ikavunjika. Jagi la Thermomix linabeba lita 2.2 na halina presha, kwa hiyo maharage ndani yake yatachemka kwa muda ule ule yanaochemka juu ya mkaa. Na familia ya watu wanane itakula kwa zamu, kama hosteli.

Waliomtetea mwenzetu nao walisema jambo ambalo sikuweza kulijibu haraka. Mmoja aliuliza: mwaka jana tulimkopesha nani hela ya tivii ya inchi 65? Tulimuuliza itarudisha lini hela yake? Kimya kilikuwa kirefu. Ni kweli kwamba sofa, redio na pikipiki ya kutembelea hupita kikaoni bila hesabu, ila kifaa cha kumpunguzia mwanamke kazi jikoni lazima kijieleze kwa risiti. Muda wake wa kukuna, kutwanga na kukoroga hatujawahi kuuandika kwenye daftari kama gharama, kwa hiyo kifaa kinachouokoa kinaonekana ni anasa. Mkono wa mtu una umri wake. Mama yangu ana maumivu ya viwiko na hakuyapata kwenye tivii.

Tena mashine zenyewe zinadumu. Kuna watu Ulaya bado wanapikia toleo la 2004. Ukiigawa bei kwa miaka 15, inaanza kuzungumzika.

Ila miaka 15 ya Ulaya si miaka 15 ya Kigoma. Volti zao na zetu zinaendana, hilo halina tatizo, na plagi yao ya miguu miwili ya duara inatatuliwa kwa kiunganishi cha bei ndogo. Tatizo ni umeme wenyewe kupanda, kushuka na kukatika katikati ya mapishi. Kwa miaka mingi mji huu uliwashwa na majenereta ya dizeli, na kila mwenye friji hapa anajua kwa nini alinunua kifaa cha kulilinda. Blenda ikiungua, fundi wa Mwanga ataifungua, atabadilisha kaboni, atakurudishia jioni. Mashine yenye kioo cha kugusa, mzani kwenye miguu na jiko kwenye kitako, fundi huyo huyo ataitazama kwa heshima tu. Reli kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na kipuri chenyewe bado kitakuwa Ujerumani. Siku ikigoma, umepoteza blenda, mzani, mashine ya kukandia na jiko kwa mpigo.

Kuhusu bili ya umeme, wengi kikaoni walikosea pande zote mbili. Mashine hii hula wati 1,500 ikiwa imebanwa kabisa, na kwa mapishi ya kawaida ya kila siku tukisema nusu uniti hatutakuwa mbali. Hizo ni uniti 15 kwa mwezi. Kwa mteja wa matumizi madogo anayelipa sh 122 kwa uniti pamoja na tozo, ni sh 1,830, ambayo haitoshi mkaa wa siku nyingi. Tatizo ni kwamba bei hiyo inaishia uniti 75 kwa mwezi. Mwenye friji na tivii anayetumia uniti 65 leo analipa sh 7,930. Akiongeza 15 anafika 80, na akizoea kuvuka mpaka huo anahamishiwa kundi la sh 356: uniti zote 80 zinakuwa sh 28,480. Kwa haki, presha kuka ya umeme nayo inaweza kukusukuma huko huko. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sijui ni nani aliyetarajia mtu aache mkaa na abaki chini ya uniti 75.

Na hiyo presha kuka ndiyo mpinzani wa kweli wa Thermomix hapa. Inapatikana kwa laki moja na nusu mpaka laki tatu kulingana na ukubwa, inaivisha maharage chini ya saa moja, na kwa kawaida haifikishi uniti moja. Ongeza blenda nzuri na mzani mdogo wa jikoni, hufiki laki sita. Hutapata kioo cha kukuelekeza, na utaosha vyombo vitatu badala ya kimoja. Kuhusu kioo, sioni hasara: sikukuta Kiswahili humo, wala mgebuka.

Angekuwa ananunua kwa hela yake ya kuweka, nisingefungua mdomo. Mtu akipenda chongo huita kengeza, na hela ni yake. Lakini huu ni mkopo wa wenzake, miezi 12, riba asilimia 10. Milioni 4.5 inakuwa milioni 4.95, sawa na sh 412,500 kila mwezi. Yeye mwenyewe alituambia faida yake ni sh 1,500 kwa chupa ya karanga. Hizo ni chupa 275 kwa mwezi, tisa kwa siku, Jumapili ikiwemo, kabla hajanunua daftari la mtoto. Kwa sasa anauza nne. Chapati za oda hazimwokoi, maana jagi hilo linakanda unga wa nusu kilo hivi kwa mkupuo, na oda zake ni za kilo tano.

Kwa hiyo nilisema hapana, na kikao kikaahirishwa bila uamuzi. Tulipokuwa tunatoka wifi yake akatuita pembeni. Anasema watoto wake wamekua, nyumbani wamebaki wawili, na mashine yake yuko tayari kuiuza kwa milioni moja na nusu, kwa masharti kwamba akitaka kusaga nazi ya Idi atakuja kuazima. Milioni 1.65 kwa miezi 12 ni sh 137,500, yaani chupa tatu kwa siku. Nimemwambia mwenzetu aandike fomu upya kabla ya kikao cha Jumapili.