Kura ya Mwanafunzi Aliyenyamaza

Mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo!" Somo linasonga mbele, na aliyeachwa njiani hajulikani.

Dawa moja ni teknolojia shirikishi, yaani vifaa na programu zinazomwezesha kila mwanafunzi kujibu swali la mwalimu. Wanaoipinga huanzia kwingine: gharama, umeme, intaneti inayokatika, mwanafunzi anayechungulia mambo yake kwenye simu. Yote ni kweli. Tena wana ushahidi. Shule za sekondari za London zilipopewa mbao za kielektroniki kwa wingi miaka ya 2000, watafiti hawakuona alama zikipanda katika mwaka wa kwanza. Aliyekuwa akihutubia kwa chaki aliendelea kuhutubia kwa skrini.

Ila ubao ni kitu kimoja, na kura, yaani kila mwanafunzi kuchagua jibu lake, ni kingine. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza mwaka 1991 kukatiza mihadhara yake kwa swali la kupima uelewa. Kila mwanafunzi hujibu peke yake. Waliopata jibu sahihi wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, wote huambiwa wajadiliane na jirani, kisha wapige kura upya. Mwalimu hasemi jibu mpaka wamalize kubishana.

Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake alilinganisha kozi 62 za fizikia zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Tuseme mwanafunzi alikuwa amebakiza hatua 100 kabla ya kuielewa mada: mihadhara mitupu ilimsogeza 23 kwa wastani, ufundishaji shirikishi, kama huo wa Mazur, ukamsogeza 48. Zaidi ya maradufu, kwa mada zilezile! Kila nikiitazama namba hiyo, nawaza wale waliobaki nyuma huku wakiitikia "ndiyo".

Mkosoaji atasema hiyo ni mbinu, si mashine. Yuko sahihi: utafiti wa mwaka 2008 ulilinganisha vifaa vya kura na kadi za kuinua mkononi, na wanafunzi walijifunza sawasawa. Asiye na vifaa basi asisubiri. Kadi zinatosha kuanzia. Lakini kadi huonekana. Mwenye wasiwasi huangalia kwanza aliyeaminika darasani ameinua ipi, naye huiga. Kura ya siri inampa nafasi ya kukosea bila kuaibika, na mwalimu wa darasa kubwa anapata hesabu ambayo macho yake yasingeipata.

Kinachonisumbua katika programu za kura ni saa inayohesabu sekunde na orodha ya washindi. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi walisubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na waliposubiri tatu au zaidi majibu yalirefuka na wengi zaidi wakajitokeza kusema. Programu inayotoa pointi kwa wepesi inaturudisha kwenye ile sekunde moja, yaani kwa walewale waliozoea kuinua mkono kwanza. Programu nyingi zinaruhusu saa na orodha hiyo kuzimwa. Mwalimu azizime kabla wanafunzi hawajaingia.